Skrini Iliyomnyamazisha Visingizio

Saa mbili asubuhi, televisheni kubwa imeshatoka mlangoni. Imelala juu ya mkokoteni, imefunikwa blanketi la bluu na kukazwa kamba, na mwanamke mmoja anatembea ubavuni mwake akiwa ameishikilia kwa mikono miwili, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa hospitali.

"Jamani, nani tena huyo?" anauliza jirani mwenye duka la viatu.

"Mgonjwa wetu," anajibu mwanamke bila kusimama. "Macho mazuri, miguu mizito."

Mtaa mzima unamwita Shangazi, hata wale wanaomzidi umri. Ana miaka arobaini na sita, na ndiye mwenye chumba cha gemu kilicho kando ya duka la ushonaji la dada yake. Mbele ya mkokoteni anatangulia mwanamume mpana wa mabega, begi limemning'inia kifuani. Ndani ya begi mna mashine ya kuchezea gemu na pedi zake za kuendeshea. Huyu ni dereva wa lori la kokoto, na jina analoitwa kwenye chumba cha gemu ni Visingizio.

"Shimo hilo, Shangazi. Polepole."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kuendesha?"

Msukuma mkokoteni anacheka mpaka anasimama kupumua.

Kwa miaka kumi na moja Shangazi alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli. Hoteli ilipopunguza watu, alilipwa kiinua mgongo chake, akakodi chumba, akanunua mashine mbili zilizotumika. Mashine hizo huunganishwa kwa waya ili watu wawili washindane mbio za magari, kila mmoja na skrini yake. Kiti cha pili kilipewa skrini ndogo, chakavu, iliyotupwa na ofisi fulani. Kiti cha kwanza kikapewa televisheni kubwa, zawadi ya mdogo wake wa kiume aliyekwenda kutafuta maisha mbali.

"Ilikuwa ndiyo pambo la chumba," anasema. "Mtu akipita nje akaiona, lazima achungulie. Nikajua hapo nimemaliza kazi."

Mwanzoni viti vyote vilijaa. Kisha watu wakaanza kukikwepa kiti cha kwanza. Walipanga foleni kwenye ile skrini chakavu, na televisheni ikabaki inaangaza chumba kitupu. Kiti kilichokuwa kikiuza saa tisa za mchezo kwa siku kikashuka hadi saa mbili, na hizo mbili alizinunua Visingizio, kwa sababu yeye hupenda vikubwa.

Naye alikuwa akishindwa kila siku. Katika gemu hiyo kuna kona kali kabla ya daraja, na Visingizio alikuwa akigonga ukingo wa daraja hilo kama aliyelipwa kulibomoa.

"Skrini inachelewa!" alikuwa akilalamika. "Mimi nimeshakata kona, yenyewe bado inafikiria!"

Chumba kilikuwa kinalipuka kwa vicheko. Jina la Visingizio alipewa na Shangazi mwenyewe.

"Barabarani sijawahi kugonga hata kuku," anasema dereva huyo. "Naingia pale ndani nageuka kichekesho. Lakini nilikuwa nalipa, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kulalamika."

Shangazi aliamua kiti kina mkosi. Akabadilisha mto. Akabadilisha kiti chenyewe. Akasogeza meza karibu na dirisha, akairudisha ukutani, kisha akamwomba dada yake amshonee pazia jipya, maana labda mwanga ulikuwa mkali. Kila kitu kiliguswa isipokuwa televisheni.

"Nilimwambia, bado kidogo tu utabadilisha na paa," anasema dada yake, fundi cherehani, huku ameshika pini kwa meno.

Mambo yakazidi kubana. Mwenye nyumba alishapata mtu anayetaka chumba hicho kiwe stoo ya saruji ikifika mwisho wa mwezi. Duka moja la dobi la kisasa nalo lilimtaka Shangazi arudi kwenye pasi, na meneja wake akataka jibu ifikapo Ijumaa. Kurudi kwenye pasi kulikuwa na maana moja: kufunga chumba.

Jumatatu ya wiki hiyo Shangazi alikuwa akifuta vumbi huku watu wawili wanaanza mbio. Gemu huwasha taa nyekundu, kisha ya kijani, na magari yanaondoka. Alikuwa amesimama katikati ya skrini mbili, kitambaa mkononi. Taa ya kijani ikawaka kwenye skrini chakavu. Kwenye televisheni ilikuwa bado nyekundu. Kufumba na kufumbua, nayo ikawa kijani.

"Anzeni tena," aliwaambia.

Wakaanza tena. Ikawa vilevile.

"Tena."

"Shangazi, sisi tunalipia kuanza au kuendesha?"

Jioni Visingizio alipofika, Shangazi alimwita pembeni. "Mdogo wangu," alimwambia, "ulikuwa unasema kweli, na mimi nilikuwa nakucheka. Nisamehe." Visingizio akatazama nyuma, akidhani anaambiwa mtu mwingine. "Kesho tunakwenda kutafuta skrini. Pesa niliyonayo inatosha moja, nayo iwe imetumika. Nikikosea hapo, Ijumaa naenda kupiga pasi. Kwa hiyo utanichagulia wewe."

"Mimi? Mimi si ndiye nashindwa kuliko wote?"

"Ndiyo maana nakuchukua. Wanaoshinda hawaoni kasoro."

Ndivyo mkokoteni unavyofika kwenye uwanja wa vifaa vya umeme vilivyotumika. Skrini zimepangwa kama sahani kabatini, na fundi wa skrini, mwanamume mwembamba mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, anaifunua televisheni.

"Haijaharibika," anasema. "Televisheni za namna hii haziitoi picha mpaka ziisafishe na kuipamba. Kwa kutazama filamu hutajua. Kwa gemu, kidole kimeshabonyeza, picha bado iko kwenye kioo inajipodoa. Nyingine zina sehemu ya kuzima mapambo hayo. Hii yako haina."

Anakubali kuichukua, naye Shangazi aongeze pesa juu. Kisha anaonyesha skrini pana iliyopinda kama mwezi mchanga. "Hii sasa! Inabadilisha picha mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde."

"Na mashine yangu inatoa picha ngapi?"

Fundi anaichungulia mashine ndani ya begi. "Hii? Sitini."

"Basi hizo nyingine nitampelekea nani?"

Fundi anacheka. "Shangazi, mimi kazi yangu kuuza. Lakini jaribuni tu, kujaribu ni bure."

Visingizio anaunganisha mashine, anakaa juu ya kreti, anaendesha. Anafika kwenye daraja. Anagonga.

"Inanizunguka," anasema. "Najiona niko ndani ya bakuli."

"Ondoa," anasema Shangazi. Isitoshe, bei yake ingetaka auze mashine zote mbili na cherehani ya dada.

Skrini ya pili ni rahisi na rangi zake zinameremeta. Shangazi aliyezoea kukagua mashuka anaipenda hapo hapo. Visingizio anaendesha, anagonga.

"Gari lina mkia! Kila likigeuka linaacha ukungu nyuma. Kaa uone."

Shangazi anasogea karibu. Kweli, magari meusi yanajiburuza kama rangi mbichi iliyoguswa na mkono. Anasikitika, lakini anatikisa kichwa.

Ya tatu haina sura. Inchi ishirini na nne, fremu imekwaruzwa, mguu umeazimwa kutoka skrini nyingine. Fundi anasema inabadilisha picha mara sabini na tano kwa sekunde, inatosha na kubaki. Anaiwasha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, na Shangazi anaipitia kona hadi kona kutafuta doa, kama alivyokuwa akiyapitia mashuka. Haoni doa.

Visingizio anaendesha. Daraja linakuja. Anagonga.

Shangazi anasubiri lalamiko. Fundi anasubiri. Msukuma mkokoteni, ambaye kazi yake ilishaisha lakini hakuondoka, anasubiri pia.

"Haya, sema," anasema Shangazi. "Imechelewa?"

"Hapana."

"Ina mkia?"

"Haina."

"Sasa?"

Visingizio anaitazama pedi mkononi. "Nimechelewa kukata kona," anasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Shangazi anafungua pochi. "Funga hiyo," anamwambia fundi.

Mchana skrini iko mezani, watu wamejaa mlangoni, mbio zinaanza, na magari yanaondoka kimyakimya kama paka.

"Mbona haliungurumi?" mtu anauliza.

Kumbe skrini ile haina spika, na katika msafara mzima hakuna aliyewaza kuuliza. Visingizio anachungulia nyuma yake, anaona tundu la waya wa sauti. Shangazi anaingia duka la ushonaji bila kubisha hodi, anatoka na redio ya dada yake.

"Hiyo nitarudishiwa lini?" sauti inamfuata.

"Dada, tulia, biashara inaanza!"

Siku hiyo hiyo kiti cha kwanza kiliuza saa sita. Ijumaa asubuhi Shangazi alimpigia simu meneja wa dobi, akamshukuru, akamwambia hatakuja.

Miezi minne imepita. Duka la dobi lilimpata mpiga pasi mwingine. Mwenye saruji alipata stoo mtaa wa pili. Televisheni kubwa ilinunuliwa na mwenye mgahawa, wateja wake wanaitumia kutazama taarifa ya habari, na hakuna aliyelalamika. Skrini iliyopinda bado iko kwa fundi. Msukuma mkokoteni huja Jumapili, hukaa kiti cha pili. Dada hajarudishiwa redio yake na sasa anazijua sauti za injini zote. Kiti cha kwanza kinauza saa nane hadi tisa kwa siku, na Shangazi ameweka oda ya skrini kama ile kwa ajili ya kiti cha tatu anachotaka kukifungua mwaka huu.

Visingizio bado anagonga daraja. Siku hizi anasema tatizo ni pedi. Chumba kinacheka, ila Shangazi hacheki. Ameipeleka pedi kwa fundi ikaguliwe.