Uji Ulioganda Sufuriani

Mzee alikuwa mwosha mwani. Tangu aoe, kazi yake ilikuwa hiyo: kuutoa mchanga ule mwani mwekundu, kuuloweka katika maji moto ya magadi, kuusuuza mpaka vidole viache kuteleza. Jikoni palikuwa pa mkewe. Mkewe ndiye aliyechemsha, akachuja, akagandisha, akaanika, na agari yao, ile jeli kavu ya mwani, waoka keki wakaigombania.

Sasa mkewe hayupo. Binti yao amekuja na mabegi matupu.

"Baba, twende kwangu. Kupika ilikuwa kazi ya mama."

"Nilikuwa namtazama, mwanangu. Sikuwa kipofu."

"Haya, pika sufuria moja. Uji ukiganda, wewe unabaki hapa. Usipoganda, nafungasha, na sitaki maneno."

"Yaweke mlangoni hayo mabegi. Usije ukayasahau ukiondoka."

Akachemsha. Mwani ukalainika, ukapondeka, ukawa uji. Akadondosha tone kwenye kisahani baridi, kama alivyozoea kuona. Halikutiririka. Akazima moto.

Kilichobaki ni kuchuja. Mkono ukaenda msumarini, kwenye kitambaa cha mkewe chenye kiraka pembeni. Ukarudi. Mzee akaingia chumbani kutafuta kingine. Shuka lilikuwa zito mno. Fulana ilikuwa na matundu. Akakaa kitandani, upande usio wake, akakaa sana.

"Baba! Njoo uone! Mwiko umesimama wenyewe. Uji umeharibika huu!"

Akaja. Akatikisa sufuria. Uji ukatetemeka wote kwa pamoja, haukumwagika. Mzee akacheka, na hakuwa amecheka tangu mazishi.

"Umeharibika wapi? Ukiurudisha motoni unayeyuka. Unachujwa, unaganda tena. Mama yako akinogewa na soga za jirani, sufuria ilikuwa inaganda hivi hivi. Unadhani tulikuwa tunamwaga?"

"Lakini umegandia humo humo, na makapi yake!"

"Tulikubaliana ugande. Wapi, hatukusema."

Binti akauchomoa mwiko. "Mjanja wewe, Baba."

"Washa jiko."

Uji ulipoyeyuka, mzee akakitoa kitambaa msumarini. Akakilowesha, akakikamua, akampa binti pembe zenye kiraka.

"Kaza. Mama yako hakuwa analegeza."

Uji ukapita, ukaingia kwenye trei, makapi yakabaki juu ya kitambaa. Mvuke ukawajaa wote wawili usoni, kila mtu akapangusa macho yake.

"Na mabegi?" binti akauliza.

"Tia agari. Ile aliyoianika mama yako mwenyewe bado ipo kabatini. Waoka keki wa huko kwenu nao waijue."