Nundu Chini ya Mkokoteni

Kuku walikuwa wamezoea kutaga kwenye kiti cha dereva, na Salvina hakuwafukuza. Aliokota mayai, akapangusa usukani kwa kitambaa, kisha akafunga mlango taratibu, kwa kuwa bawaba ya chini ilikuwa imeanza kulegea. Ndivyo alivyoianza kila asubuhi tangu mumewe, Primus, alipozikwa katika kihamba chao cha Kilema, kati ya migomba na mibuni.

Pikapu hiyo ilikuwa Shevrole ya kabla ya vita, ambayo Primus aliinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Siku yake ya mwisho barabarani ilipandishwa kutoka tambarare ikiwa na magunia ya mahindi kupita uwezo wake. Ilipofika kwenye mwinuko wa juu ya daraja, kitu kilipasuka nyuma kwa mlio kama wa bunduki. Wanaume wa kijiji waliisukuma hadi nyumbani, na hapo ikabaki.

Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao. Leodegar, mdogo wake Primus, alitaka gari liuzwe kama chuma chakavu kwa mfanyabiashara wa Holili. Salvina, ambaye hakuwa msemaji mbele ya wazee, aliinuka.

"Gari hili litatembea," alisema. "Litabeba kahawa ya msimu huu."

"Litatembea likiteremka," Leodegar akajibu. "Hata gogo hutembea likiteremka, shemeji. Na dereva ni nani? Yule kuku mwekundu?"

Wazee walicheka, wakapokezana kata ya mbege, pombe ya ndizi, kisha wakaamua. Kama pikapu ingeshuka Moshi na kahawa, halafu ikapanda tena Kilema na mzigo kwa nguvu zake yenyewe kabla ya mavuno kwisha, ingebaki kuwa ya Salvina. Isipopanda, Leodegar angeiuza.

Salvina hakuitaka kwa ajili ya fahari. Alikuwa amebeba kahawa kichwani tangu usichana wake, na sasa shingo yake haikuweza kugeuka kushoto bila maumivu. Alikuwa na mabinti wawili, na aliwaona wakianza kuzishika shingo zao vilevile.

Alishuka mjini kumtafuta Fikirini, fundi wa magari wa mtaa wa Majengo, mtu mnene, mcheshi, asiyependa kuharakishwa. Fikirini alipanda Kilema na sanduku lake la spana, akalala chini ya gari hadi jua likageuka, kisha akatoka akiwa na grisi hata masikioni.

"Bibie, injini ni nzima, inataka kusafishwa tu. Ugonjwa uko hapa." Alimwonyesha nundu ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma. "Hii tunaita difu. Ndani mna gia mbili, kubwa ya mviringo na ndogo inayoizungusha. Zote zimeng'oka meno."

"Nyingine zinapatikana wapi?"

"Dukani hakuna, gari lenyewe ni la zamani. Tutafute pikapu kama hii iliyokufa kwa ugonjwa mwingine."

Wakatafuta. Fikirini aliuliza kwenye mashamba ya mkonge, akatuma salamu kwa mafundi wa Arusha, na hatimaye akavuka mpaka hadi Taveta, alikopata gia moja kubwa ya Shevrole. Ile ndogo aliitoa katika gari jingine. Alizifunga kwa uangalifu, akawasha injini, akaondoka. Kabla gari halijafika kwenye mfereji wa maji lilianza kulia kama fisi, na likasimama.

Fikirini alifungua difu, akatazama unga wa chuma uliochanganyika na mafuta, akaketi chini.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilijua, ila nilijipa matumaini. Gia hizi ni mume na mke, bibie. Zimezoeana tangu kiwandani. Ukimpa mume mke wa jirani, kelele zitasikika kijiji kizima."

"Sasa tufanyeje?"

"Sasa tunatafuta ndoa nzima."

Mavuno yalikuwa yamefika katikati. Wiki hiyohiyo Leodegar alimleta mfanyabiashara wa Holili, ambaye aliizunguka pikapu huku akiigongagonga kwa fimbo. Salvina aliwakaribisha chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Yeye mwenyewe hakunywa.

Siku ya soko la Himo, mkungu wake wa ndizi ulikatika na ndizi zikabingirika chini ya mkokoteni wa ng'ombe. Salvina aliinama kuziokota. Juu ya kichwa chake, katikati ya ekseli, palikuwa na nundu ya chuma, sawasawa na ile ya pikapu yake.

Alibaki ameinama. Mkokoteni huo, uliojengwa juu ya ekseli ya Shevrole iliyokufa zamani, ulikuwa wa Mzee Aminieli, jirani yake wa upande wa chini, na kwa miaka mingi ulikuwa umepita mbele ya lango lake. Lakini wakati mmoja wa kiangazi Primus aliuziba mfereji siku ambayo maji yalikuwa zamu ya Aminieli, na ulezi wa mzee huyo ukakauka. Tangu hapo nyumba hizo mbili hazikusalimiana. Mkokoteni ulipopita, watu wa kwa Primus waligeuza nyuso, na kwa jinsi hiyo hakuna aliyewahi kutazama chini yake.

Asubuhi iliyofuata Salvina alikata isale, jani refu linalopandwa mipakani mwa vihamba, akalifunga fundo. Mchagga anayeomba radhi huenda na jani hilo, na anayeletewa hapaswi kulikataa.

"Shikamoo, meku," alisema alipofika kwa Aminieli, akimwita mzee kwa Kichagga.

"Marahaba." Aminieli aliliona jani, akaacha kunoa mundu wake. "Aliyenifungia maji ni Primus."

"Ndiyo, meku. Na hakuja. Nimekuja mimi."

Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akalipokea isale kwa mikono miwili.

"Ungekuja hata bila shida ya gari?"

"Sijui, meku," Salvina akasema. "Lakini sasa nimekuja."

Aminieli aliguna, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Angalau husemi uongo. Chukua unachotaka. Ila ng'ombe wangu watavuta nini?"

Fikirini ndiye aliyemjibu, siku aliyokuja na spana zake. Mkokoteni haukuhitaji gia, kwa kuwa ng'ombe ndio injini. Magurudumu yangezunguka vilevile bila hizo. Alizitoa zote mbili, nyeusi kwa mafuta ambayo mzee hakuacha kuyaongeza, meno yote mazima.

"Miaka yote hiyo nimekokota chuma nisichokihitaji," alisema Aminieli.

"Umetutunzia ndoa, mzee wangu," Fikirini akajibu.

Pikapu ilishuka Moshi na kahawa ya Salvina na ya Aminieli. Ilipandisha magunia ya mahindi, Fikirini kwenye usukani, Salvina kando yake, Aminieli juu ya mzigo akishikilia kofia. Walipovuka daraja, Salvina alisikiliza. Injini ilinguruma, ikapunguza mwendo, ikanguruma tena, na nyuma hakukusikika kitu. Mwinuko ukabaki chini yao.

Langoni, Leodegar alikuwa ameketi juu ya jiwe pamoja na mfanyabiashara wa Holili. Wanawake walikuwa wamejaa kando ya njia, vikapu miguuni, na vigelegele vilipaa hadi kwenye mifereji ya juu.

Salvina alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji," alisema kwa upole, "sogea kidogo. Umekaa kwenye njia ya gari."

Leodegar alisogea. Kisha, wote wakimtazama, akacheka, akafungua lango kwa mikono yake mwenyewe.

Msimu uliofuata Salvina alijifunza kuendesha. Alikuwa amekwisha kuwatengenezea kuku sanduku la kutagia.