Mbuzi wa Kiangazi

Wewe ungenunua mbuzi mwezi huu, nyasi ikiwa imeisha kutoka hapa mpaka Merti?

Mheshimiwa wetu mmoja angenunua. Jumanne nilikuwa ofisi ya wadi kule Burat, nikingoja muhuri, alipowaletea akina mama wa kikundi fomu ya kutia sahihi. Mgao wao wote wa mwaka ungekuwa mbuzi, nao wangeletwa wiki hiyo hiyo.

"Huu ndio uchumi wa mama," akatangaza, mkono juu kama yuko jukwaani.

Mwenyekiti wao, mama mfupi mwenye leso ya kijani, hakuigusa kalamu.

"Mheshimiwa, hizo mbuzi zitakula nini?"

"Mama, mvua itakuja."

"Itakuta mifupa. Tuletee ikishanyesha."

"Bajeti haingoji mvua, mama. Weka sahihi."

Nilisomea uchumi miaka minne, na sijawahi kuuliza swali zuri kama lililofuata. Mama alifunga leso yake upya, akamtazama machoni, akasema kwa upole kabisa:

"Na zako za kule Merti, ziko aje?"

Mheshimiwa akaikunja fomu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nakuuliza tu, mwanangu. Ziko aje?"

Nimeandika mara nyingi hapa kwamba wanasiasa wetu hawajui uchumi. Naomba radhi, wasomaji, huyu anaujua vizuri sana.

"Niliuza," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Zote. Mwezi jana, zikiwa bado zimenona."