Rangi Iliyooza Ukutani kwa Mama Mkwe

Saa tatu asubuhi, mpaka rangi anayejulikana kama Fundi Makini amepiga magoti chumbani kwa mama mkwe wake. Anakwangua ukuta. Rangi inabanduka kama magamba, na harufu yake inatulazimisha sote wawili, yeye na mimi mwandishi niliyekuja kumhoji, tuzibe pua.

Rangi hii aliipaka mwenyewe miezi minne iliyopita.

"Makini gani huyu?" anasema bila kuinua macho. "Jina lenyewe sasa linanisuta."

Kwa miaka kumi na tisa amepaka nyumba za watu. Kila kazi ikiisha, masalio huyamimina kwenye ndoo moja: nyeupe ya huyu, krimu ya yule. Ndoo hiyo ilikaa bandani miaka mitatu, kifuniko kimepinda.

"Kopo ambalo halijafunguliwa, ukilitunza mbali na jua, linadumu miaka. Ukishafungua na kuchanganya, siku zake zinahesabika. Nilipofunua ndoo ilinuka uvundo. Nikajua imeoza. Nikatia maji, nikakoroga, nikapaka. Kwa mteja nisingethubutu."

Kwa nini basi kwa mkwe? Fundi anafuta jasho ambalo halipo.

"Nilitaka sifa za bure. Tena mama si mtu wa kulalamika."

Kweli hakulalamika. Alihamishia godoro sebuleni, akalala sakafuni miezi mitatu, akimwambia binti yake kwamba chumbani kuna joto. Juzi binti huyo, mke wa fundi, alifungua mlango wa chumba akarudi nyuma ameshika pua.

Mama mkwe anaingia na kikombe cha chai. Fundi anakipokea kwa mikono miwili, uso chini.

"Pole na kazi, mwanangu. Usijitese. Ukuta wangu mzee huu, una unyevu. Hata majirani nimewaambia fundi hana kosa."

"Ahsante, mama."

Akishatoka, chai inabaki bila kuguswa. "Umemsikia? Anausingizia ukuta wake ili kunisitiri mimi. Naona aibu hata kumeza mate."

Safari hii ataosha ukuta kwa sabuni, auache ukauke kabisa, apige msasa, kisha apake tabaka mbili za rangi mpya, ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka.

Jumamosi majirani huja kuongea na mama barazani. Fundi amepanga kuwangoja.

"Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Nitawaambia rangi ilikuwa imeoza, na nilijua. Halafu godoro lake nitalirudisha chumbani mimi mwenyewe. Akinifukuza, nitaondoka. Lakini ukuta wa mama hauna kosa."