Malaika wa Vipande Elfu Moja

Ukifika mtaa wetu wa Free Area uulize nyumbani kwa Baba Ciku mwenye agrovet, lile duka la dawa za mifugo na mimea, hakuna atakayekuonyesha njia kabla ya kukuuliza, "Yule wa malaika?" na kucheka mpaka ashike ukuta. Kwa hivyo nimeamua kusimulia mwenyewe, maana yale mnayosikia kwa kinyozi yametiwa chumvi (si kweli kwamba mchungaji alizimia, alikaa chini tu ghafla), na aibu yenyewe ilivyokuwa inatosha, haihitaji msaada wa mtu.

Kwanza mjue kwamba niliacha pombe miaka minne iliyopita. Sikuwa mnywaji wa kujificha, nilikuwa yule ambaye baa ikifungwa anabebwa pamoja na viti. Nilipoacha, shida haikuwa kiu, shida ilikuwa jioni. Hakuna anayekuambia kwamba ukiacha pombe utapewa masaa matano kila siku ambayo hujui utayapeleka wapi. Wenye kuokoka waliniambia nijaribu kusoma, nikasoma maandishi ya dawa zote za kupe dukani kwangu nikayamaliza. Ndipo binti yangu Ciku akaja likizo na puzzle, ile picha iliyokatwa vipande vidogo vidogo ambayo unaiunganisha mwenyewe mezani, akarudi chuoni akaiacha, na mimi nikaigusa kidogo tu, nione ni ya nini. Kufikia mwisho wa mwezi farasi watatu walikuwa wamesimama mezani pangu na nilikuwa nimenaswa.

Mtanicheka, lakini utamu wake hamuujui. Unaanza na vile vyenye ukingo ulionyooka, unatengeneza fremu, halafu unatenga rangi kwa sahani (Mama Ciku alininunulia sahani zangu za plastiki baada ya kukuta mawingu kwa sufuria yake ya ugali), na unakaa hapo na chai yako unatafuta kipande kimoja chenye mkia wa kijani, unakitafuta tangu Jumanne, na Alhamisi unakipata kilipokuwa siku zote, mbele ya pua yako. Kinaingia na kimlio kidogo, na moyo unatulia wote. Kipande hakibishani na mtu. Kama si pahali pake si pahali pake, hata ukikipiga ngumi (nimejaribu). Majirani walisema mzee wa miaka hamsini na mbili anacheza na toi za watoto, na mimi nikawaambia heri toi kuliko mtaro, kwa sababu mtaro nao nilikuwa naujua vizuri.

Sasa, puzzle mpya dukani ni ghali, kwa hivyo mimi hununua za mitumba, kwenye lile lundo la toi. Siku moja nikapata moja kwa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, bila boksi, bila kifuniko, maana yake bila picha ya kukuonyesha unachojenga. Juu ya mfuko mtu alikuwa ameandika 1000 kwa kalamu nyeusi.

"Ni picha ya nini hii?" nikamuuliza muuzaji.

"Hiyo ni surprise, mzee. Si hapo ndio utamu uko?"

Na mimi, kichwa maji, nikakubali kwamba utamu uko hapo.

Wiki tatu nilifanya pembeni. Juu kukatoka anga la bluu na milima yenye theluji, upande wa kulia kukatoka kitu cheupe chenye mikunjo mikunjo, kipana, kimeinuka. Katikati kulikuwa bado tundu kubwa, na kwa sahani zilikuwa zimebaki vipande kama mia mbili, karibu nusu vyeupe vya kuvimba kama mawingu, karibu nusu vya rangi ya dhahabu inayong'aa, na vichache vya rangi mchanganyiko. Nilivipenda vile vya dhahabu. Nilikuwa navishika na kuvigeuza kwa mwanga wa dirisha na kusikia raha ambayo sikujua inatoka wapi (mtajua).

Basi Mzee Gathogo akapita kuchukua dawa ya kupe ya ng'ombe wake. Mzee Gathogo ni jirani yangu na ni mzee wa kanisa, na mwezi huo wilaya yetu, yaani sisi washirika wa mtaa mmoja tunaokutana nyumba kwa nyumba, ilikuwa ichague mzee mwingine wa kusaidiana naye. Jina langu lilikuwa limetajwa. Nilitaka hicho kiti, sitawadanganya, nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, kwa sababu kuna watu walikuwa wakinong'ona kwamba mlevi ni mlevi, hata akivaa tai. Nilitaka siku moja isemwe mbele ya watu kwamba Baba Ciku amebadilika, iandikwe kwenye kitabu cha wilaya, iishe.

Mzee Gathogo akaangalia meza. "Baba Ciku, na hii ni nini?"

Ningesema sijui bado, ingekuwa imeishia hapo, ng'ombe angepata dawa yake na mimi ningebaki na heshima yangu. Lakini niliangalia kile kitu cheupe, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Ni malaika."

"Malaika?"

"Malaika, mzee. Hili ni bawa. Na hii dhahabu yote ni utukufu."

Mzee Gathogo alivua kofia.

Jumapili hiyo mchungaji alihubiri juu yangu. Alisema kuna ndugu ambaye zamani mikono yake ilishika chupa na leo inaunganisha malaika, na kwamba sisi sote ni vipande, na kwamba wilaya yetu ingemaliza picha hiyo pamoja kama ishara ya umoja. Kila mtu angechukua vipande vitano, aviombee wiki nzima, halafu tukutane kwangu Jumapili ijayo, tumalize malaika, tunywe chai, tuchague mzee. Ningeweza kusimama na kusema ukweli. Nilisimama kweli, nikashukuru.

Kwa hivyo vipande vya katikati, ambavyo ndivyo pekee vingeniambia ukweli mapema, vilitoka mezani kwangu vikaenda kulala nyumba arobaini. Cucu Nyambura tu ndiye aliyevichelewesha mkononi. Cucu, yaani bibi wa mtaa mzima, ni mwanakwaya mkongwe kuliko wote, ila kabla ya kuokoka alipika pombe miaka ishirini na kwa hiyo pombe akasomesha watoto watano. Alivisogeza karibu na macho akasema, "Hii rangi naijua." Nilidhani ni Roho.

Wiki ikaanza kutoa ushuhuda. Mzee Gathogo aliweka vipande vyake chini ya mto na asubuhi goti lake, lililomsumbua tangu akiwa dereva wa trekta Mau Narok, likanyooka. Mama mmoja alipeleka vyake mpaka kwa dada yake Kuresoi, wakavizungusha kwenye shamba la viazi ambalo majani yalikuwa yameanza kuwa meusi, na viazi vikapona (mimi ndiye nilimuuzia dawa ya kunyunyizia, Jumatatu hiyo hiyo, lakini nilinyamaza, ningeanzia wapi?). Kufikia Ijumaa watu wa wilaya nyingine walikuja dukani kuniuliza kama vimebaki viwili vitatu.

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa mpaka watu wakakaa kwa mikono ya viti, Mama Ciku akakaanga mandazi tangu asubuhi, mimi nikavaa suti ya harusi ya kaka yangu na kusimama kichwani mwa meza nikiwaonyesha pa kuweka. Mtu anakuja, anaweka, tunaimba ubeti, anafuata mwingine. Ilienda vizuri sana. Dhahabu ikaongezeka, mawingu yakaongezeka juu ya dhahabu, na watu wakaanza kufuta macho.

Halafu chini pakatokea herufi. Zilikuwa kubwa, za mapambo, za zamani. B. Kisha E.

"Bethlehemu!" yule mama wa viazi vya Kuresoi akapiga kelele, na wimbo wa Krismasi ukaanzishwa, Krismasi yenyewe ikiwa mbali.

Kikaja kipande kingine. E tena. Wimbo ukapungua.

"Bethlehemu iko na E mbili hapo mwanzo?" mchungaji akauliza polepole.

"Ni Kizungu cha zamani," nikasema.

Kikaja R. Wenzangu, hilo neno nimelisoma kwenye kuta, kwenye vizibo, kwenye miavuli, nimelisoma nikiwa nimesimama na nikiwa nimelala, na macho yangu yalilijua kabla ya kichwa. Na badala ya kunyamaza, mdomo ule ule ulionitia shidani ukaamua kuniokoa.

"Beer-sheba!" nikasema kwa sauti. "Pale Abrahamu alichimba kisima!"

"Ameni!" wakaitikia wachache, wamefarijika, na ninaamini kabisa kwamba tungefika chai salama. Lakini ilikuwa zamu ya Cucu Nyambura. Alikuja na fimbo yake, akaweka vipande vyake vitano katikati bila kuonyeshwa, tk, tk, tk, kama mtu anayepanga vyombo vyake mwenyewe, akainama akaangalia.

"Kijana wangu," akaniambia, "hicho kisima kiko na povu."

Baada ya hapo hakuna mtu aliyehitaji kuambiwa. Mawingu yalikuwa povu. Utukufu ulikuwa bia, glasi kubwa sita zenye mikono, zimebebwa na mama mzungu mnene mwenye furaha nyingi, na lile bawa lilikuwa mkono wa blauzi yake, na blauzi yenyewe mbele ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa kidogo. Mzee Gathogo alivua kofia tena, safari hii akaiweka juu ya picha, kwenye blauzi. Hapo ndipo mchungaji alikaa chini.

"Baba Ciku," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Haki sikujua."

"Mtu amekunywa miaka ishirini anakosaje kujua bia?" akasema mmoja nyuma, na nikasikia watu wakikubali kwa koo, mmm.

Hapo ningeomba msamaha. Badala yake nikasema, "Na nyinyi? Si mmelala nayo wiki nzima? Si imeponya goti?"

Kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko la malaika. Maana mpaka hapo nilikuwa nimejiaibisha mimi, na watu wangenihurumia, lakini sasa niliwaaibisha wote kwa mpigo, na hakuna mtu anayesamehe hilo. Mzee Gathogo alisimama, na mbele ya macho yetu goti likamrudia. Mama wa Kuresoi alisema viazi havikuwa vimepona hivyo sana. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, mikono themanini, wakaniombea roho ya ulevi initoke, mimi ambaye kwa miaka minne sijaonja hata ile dawa ya mafua yenye kileo. Nikasema ameni. Ungefanya nini?

Kisha wakachagua mzee. Walimchagua Njoroge fundi, ambaye alikuwa amesahau vipande vyake vyote vitano kwa mfuko wa suruali na suruali ikafuliwa. Walisema Roho alimlinda asiguse kitu kichafu. Njoroge mwenyewe alishangaa kuliko sisi.

Mandazi waliyamaliza, hata hivyo.

Walipoondoka nilimfuata Mama Ciku jikoni. Alikuwa anaosha vikombe, nami nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa, nikamwambia ilikuwa picha tu, kwamba niliipenda ile rangi bila kujua kwa nini, kwamba naapa. Akafunga mfereji. Akanigeukia, akasogea, na kwa sababu sisi si watu wa kukumbatiana mchana nilishtuka kidogo nikafurahi, nikaweka kikombe chini. Akajiinua kwa vidole vya miguu, akaleta pua yake mdomoni kwangu, akanusa. Polepole, macho ameyafumba, kama alivyokuwa akininusa mlangoni miaka ile.

"Ni chai," akasema, akarudi kwa vikombe.

Wilaya nilishawasamehe, hata Gathogo, hata yule aliyeongea akiwa nyuma (najua ni nani). Lakini hilo liliniuma, na bado linauma nikilisema hapa. Mimi nilikuwa nimehesabu miaka minne, nikadhani tumeihesabu wote, kumbe mwenzangu alikuwa bado anaanza upya kila siku na hakuwahi kuniambia.

Puzzle sijaacha, ila nimeapa sitanunua tena isiyo na kifuniko, na kiti cha mzee wa kanisa wakinipa leo nitawauliza kama wamechoka na amani. Kitu kingine nilichoanza sijamwambia mtu. Jioni nikifunga duka na kufika nyumbani, sipiti moja kwa moja kwenda mezani kwangu. Namtafuta Mama Ciku popote alipo, nasimama karibu naye sana, na kumwambia habari ya jioni kwa mdomo wazi kabisa, taratibu, nikiipa pua yake muda.