Kanga ya Mgonjwa

Jumamosi nilitazama filamu mpya, ya tatu mwezi huu, na kama zile mbili za kwanza, mji mzima uliteketea. Nilipiga miayo tu, nikakumbuka banda la video la baba mdogo kule Kanyenye, lililonuka karanga za kukaanga na moshi wa jenereta.

Siku moja, nilipokuwa mtoto, adhana ya alasiri iliposikika, baba mdogo alisimamisha mkanda kama kawaida yake, akaenda msikitini. Kwenye runinga alibaki mama mmoja mgonjwa, kalala kitandani, anatetemeka. Sikujua kwamba mkanda ukisimamishwa picha hutetemeka yenyewe. Nilidhani homa imempanda. Nikavua kanga niliyojitanda, nikamfunika.

Baba mdogo aliporudi aliuliza, "Nani kafunika runinga?"

"Mimi, baba. Mgonjwa anasikia baridi."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliikunja kanga polepole, akanirudishia.

"Ahsante, mwanangu. Ameshapata joto."

Siku hizi picha hazitetemeki. Jumamosi ile watu walikufa mtaa kwa mtaa, nami nikavuta kanga, nikajifunika mwenyewe, nikalala kabla moto haujazimwa.