Siku Nilipomlilia Papa Michel

Kuna parsele moja, kiwanja cha nyumba, kwenye barabara ya Bangboka ambako nilimlilia marehemu mpaka watu wakanivika kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni, na huyo marehemu sikuwahi kumuona akiwa hai, hata jina lake sikulijua. Nasema mapema ili mnicheke sasa, tumalize.

Mimi ni karani wa ofisi pale Makiso, kazi ya kukaa, na aliyeniingiza katika mambo ya triathlon (kuogelea, halafu velo, yaani baiskeli, halafu mbio, vyote vitatu bila kupumzika, kama mtu anayefukuzwa) ni Héritier, mwenzangu wa ofisi, aliyekusanya marafiki tufanye yetu ndogo. Kuogelea nilijua, velo nilijua, na kukimbia nani asiyejua? Héritier akasema hapana, ugumu iko katikati, pale unaposhuka kwa velo na kuanza mbio.

“Miguu itakuwa kama ya mutu mwingine,” aliniambia. “Usisimame. Ukisimama umekufa. Kimbia tu.”

Bon, Jumamosi asubuhi nikatoka peke yangu na velo ya kaka yangu, nimevaa culotte ya michezo, ile ya kubana isiyofika goti, na nywele nimezipaka mafuta mengi (kumbukeni hayo mafuta). Mpango ulikuwa niende mpaka karibu na uwanja wa ndege, nigeuke, niache velo kwa rafiki yangu Clarisse, nianze kukimbia. Lakini wakati wa kurudi nikaona kwa Clarisse nitachelewa, maana Clarisse hakuachi upite bila kula, na mbele kidogo kando ya barabara nikaona bashi ya bluu, turubai la kivuli, imefungwa juu ya miti, viti vya plastiki, watu wengi wamekaa wanaimba. Nikadhani ni kanisa. Nikajiambia, penye watu wengi hivi, tena watu wa Mungu, nani ataiba velo? Uamuzi wenyewe ni huo tu, mdogo kabisa.

Nikaingia kwa kasi, nikategemeza velo kwenye ukuta, nikageuka nianze mbio kama nilivyoambiwa, na miguu ikakataa. Haikuuma, haikuchoka, ilikuwa haipo tu. Nilikwenda hatua chache nikiyumba kama mtu aliyekunywa lotoko, nikapita katikati ya viti, nikaanguka kwa magoti mbele ya meza yenye picha ya mzee mmoja na mishumaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si kanisa, ni matanga. Na mafuta ya nywele, pamoja na jasho, yalikuwa yameshaingia machoni, kwa hiyo machozi yalikuwa yanashuka kama mvua.

Nilitaka kusema “pardon”. Pumzi haikutosha. Kilichotoka ni “pa... pa... pa...”

“Anaita papa yake!” mama mmoja akapiga kelele. “Iko Solange! Iko ule mutoto wa Banalia! Amekuja na velo!”

Basi, kilio kikalipuka upya. Wanawake wakaniangukia, mmoja ananishika kichwa, mwingine ananipepea. Mzee aliyesimamia mambo, ndugu wa marehemu, wote walimwita Tonton Albert, akaja akaniinamia.

“Hapana,” nilimwambia, “hapana, mimi si...”

“Hata sisi tulisema hapana, mutoto wangu,” akajibu. “Lakini Mungu amekubali.”

Mama aliyenipepea ndiye aliyenifungulia habari bila kujua, akimnong’oneza jirani yake juu ya kichwa changu: kwamba papa Michel alizaa binti nje, kule Banalia, kwamba hapa hakuna aliyewahi kumuona, kwamba walimpigia simu tu aje, na mjane, mama Odette, aliapa mbele ya wote kwamba huyo mtoto hatakanyaga parsele yake.

Na wakati huohuo mama Odette akainuka kwenye mkeka. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, asiye na haraka. Akaja mpaka nilipopiga magoti, akanitazama culotte, akanitazama macho.

“Nilisema mutoto wa ule mwanamuke hataingia hapa,” akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. “Lakini mutu anayekimbia namna hii kulilia papa yake, mimi ni nani nimufukuze? Kaa. Hapa ni kwenu.”

Akafungua kikwembe chake cha juu, akanifunga kiunoni, akanikumbatia. Alinuka sabuni na moshi wa kuni.

Sasa, niseme ukweli. Pumzi ilikuwa imesharudi. Ningeweza kusema. Lakini nilipofungua mdomo, “Mama, mimi...”, aliniambia “Nyamaza, ulie,” na mimi nikanyamaza nikalia, maana ilikuwa rahisi zaidi.

Wakaniketisha kwenye mkeka kando yake. Walikuwa wameshaanza kuniletea chai, pikipiki ikasimama nje. Akashuka mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye kope, amebeba furushi la samaki wa moshi. Hakulia hata kidogo. Alisimama mlangoni pa parsele kama mtu aliyekuja tayari kutukanwa.

“Hodi. Ni hapa kwa papa Michel? Mimi ni Solange.”

Macho yote yakahamia kwangu. Tonton Albert akauliza polepole, “Alors, wewe ni nani?”

“Naitwa Nadine. Nilikuwa ninafanya sport.”

“Sport ya kulia?”

“Ya velo na kukimbia,” nikasema. “Na kuogelea.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mama Odette hakucheka. Alininyooshea mkono tu.

“Leta kikwembe.”

Nikakifungua mbele ya matanga mazima, nikabaki na culotte yangu. Alikichukua, akaenda mpaka mlangoni, na kwa muda hakuna aliyejua atafanya nini. Halafu akamfunga Solange kiunoni, furushi la samaki likiwa bado mikononi mwa yule binti.

“Maneno nimeshasema, watu wote wamesikia,” akasema. “Siwezi kuyasema mara mbili. Wengine watakuambia. Ingia.”

Hapo ndipo Solange alipolia.

Mimi niliondoka kwa kufuata ukuta, nikachukua velo, nikaisukuma nikitembea mpaka nilipofika mbali. Triathlon yetu niliimaliza, wa pili kutoka nyuma. Lakini sokoni bado kuna mama wawili wanaoniita “mutoto wa papa Michel”.

Tangu siku ile, Héritier aseme anachotaka, nikishuka kwa velo nakaa chini kwanza kando ya barabara mpaka pumzi irudi yote, na mtu yeyote akinisogelea namtajia jina langu kabla hajaniuliza.